Je, Mgonjwa wa Parkinson Anameza Sawasawa?
Ukimtembelea mzee mwenye ugonjwa wa Parkinson, usimwulize tu kama anameza vizuri. Wengi husema ndiyo, maana wenyewe hawahisi shida. Keti naye akila. Mate yanamtoka? Anapaliwa na chai? Akishameza, aseme "aaa"; sauti ikiwa ya majimaji, kuna kitu kimebaki kooni. Hospitalini huweza kupewa maji mililita 90 anywe bila kupumzika, nyumbani msijaribu. Na asipokohoa msishangilie mapema: chakula huweza kuingia mapafuni kimyakimya, na nimonia huwaua wengi wao. Basi akae wima, ale wakati dawa imeshika, na mpelekeni kliniki kabla hajaanza kukonda.