Mahindi ya Siku 14: Mafunzo Niliyopata Kwenye Gemu

Banda la kwanza nililoingia kucheza gemu lilikuwa mtaa wa Langas, Eldoret, nyuma ya kinyozi. Lilikuwa la mabati, na ndani mlikuwa na televisheni tatu nene zenye kisogo, benchi la mbao, na mwenye banda ambaye sote tulimwita Anko. Nilikuwa na miaka 12. Tangu siku hiyo nimecheza mpira, ngumi, magari, vita, vipande vya kupanga, kilimo, na gemu nyingine ambazo hata jina la kuzipa sina. Watu huniuliza ipi ni bora kuliko zote, nami hushindwa kujibu, kwa sababu kila moja ilinipa kitu ambacho nyingine haikuwa nacho. Haya ndiyo niliyobaki nayo.

1. Kushindwa kunaweza kuwa ndio mchezo wenyewe

Kabla ya banda la Anko, kaka yangu alikuwa na kijigemu cha mkononi cha betri mbili, kile kilichoandikwa namba kubwa mbele kana kwamba kina gemu elfu tisa ndani. Gemu ya maana ilikuwa moja tu: vipande vinavyoshuka, uvipange mistari ijae. Baadaye sana ndipo nilijua kwamba inaitwa Tetris, na kwamba ilibuniwa Moscow mwaka 1984 na Alexey Pajitnov. Kioo chake hakikuwa na mwanga, kwa hiyo usiku tulikiinamia karibu na koroboi mpaka Mama atufukuze.

Hakuna anayeishinda gemu ile. Vipande vitakuja mpaka vikuzike. Nilijifunza kuacha nafasi wazi kwa ajili ya kipande ambacho bado hakijafika, na kutolilia kile kilichokwisha kukaa vibaya.

2. Wachezaji wana haki ya kurekebisha sheria

Mwaka 2006 ilitoka Pro Evolution Soccer 6, na kwa miaka kadhaa banda zima lilikuwa hiyo tu. Ndani yake Adriano wa Inter alikuwa na nguvu ya shuti ya 99. Aliyechukua Inter alihitaji tu kumfikishia mpira, hata mbali na lango, na kipa hakuwa na la kufanya.

Wiki chache baadaye benchi letu lilikuwa na katiba. Inter ni marufuku. Aliyeshindwa analipa shilingi kumi, mshindi anabaki. Hakuna kusimamisha mchezo mwenzako akiwa mbele ya goli. Stima ikipotea baada ya dakika ya sabini, matokeo yanasimama. Kabla ya hapo, mechi inarudiwa na Anko anabeba hasara. Hakuna mtu mzima aliyetuandikia sheria hizo. Zilitungwa na watoto wa Langas walioona kwamba waliotengeneza gemu walikosea mahali, wakapatengeneza wenyewe. Mpaka leo nikiona kundi la watoto wakibishana juu ya sheria za mchezo sipiti haraka. Pale ndipo haki inapofundishwa, na inafundishwa vizuri.

Nitasema pia, bila kuona haya, kwamba sijawahi kupata gemu ya mpira niliyoipenda kama ile. Konami, watengenezaji wake, waliibadilisha jina ikawa eFootball mwaka 2021, na gemu iliyoshindana nayo ikaacha kuitwa FIFA mwaka 2023, lakini vijana wa Eldoret bado wanakwenda “kupiga fifa”, hata jina kwenye kasha liwe lipi.

3. Bila kuhifadhi, hakuna safari

Gemu ya San Andreas ililipiwa kwa dakika. Banda letu halikuwa na memori kadi, kwa hiyo kila siku CJ, mhusika wake mkuu, alishuka uwanja wa ndege upya, akarudi mtaani kwao upya, na muda wetu uliisha kabla hajavuka kwenda jiji la pili. Wavulana walikuwa na daftari la chiti zilizonakiliwa kwa kalamu ya bluu: hii ya pesa, hii ya bunduki, hii ya kuruka na ndege. Tuliharibu sana mtaa ule wa kwanza, na hatukujua kwamba hadithi ilikuwa na mashamba, milima na jangwa mbele yake.

Niliimaliza nikiwa na miaka 27, kwa kompyuta yangu mwenyewe. Nilipofika kwenye milima nilisimamisha pikipiki nikatazama tu. Niliwafikiria wenzangu wa benchini ambao watasema maisha yao yote kwamba San Andreas ni gemu ya kupiga watu barabarani. Hawasemi uongo. Ndicho kipande walichoweza kukilipia.

4. Mbinu inayowashinda wote huishi mpaka mmoja ajifunze kukinga

Nilikuwa msichana pekee kwenye mashine ya Tekken 3. Wavulana walimchagua Eddy Gordo, yule Mbrazili wa capoeira, wakagonga vitufe vya mateke bila mpango, na miguu ikazunguka kama feni. Ilitosha kumshinda yeyote aliyesimama wima akisubiri.

Nilitumia pesa zangu za wiki nzima kushindwa. Sikugonga chochote. Niliangalia tu teke lipi linapita juu na lipi linapita chini, nikajifunza kuchuchumaa na kukinga, kisha kurudisha pigo pale Eddy anapoanguka sakafuni. Jumamosi iliyofuata nilibaki kwenye kiti tangu saa nne asubuhi hadi adhana ya adhuhuri, na hakuna aliyeniuliza tena kama nimetumwa kumwita mtu.

Ndiyo maana nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza niliposikia habari za Sylvia Gathoni, anayejulikana kama Queen Arrow, Mkenya aliyecheza Tekken mpaka akasajiliwa na timu ya nje ya nchi. Simjui. Lakini najua benchi linavyomtazama msichana anapoomba zamu.

5. Angalia gemu imeacha nini

Hili ndilo somo lililonibadilisha, na lilitoka kwa mkimbiaji.

Eldoret imejaa wakimbiaji. Utawakuta alfajiri kwenye barabara za vumbi, kwenye matatu za Iten, kwenye foleni ya benki wakiwa na viatu vyembamba vya rangi kali. Mmoja wao, kijana aliyepanga chumba jirani na kwetu, aliingia kwa Anko siku ya mvua, na tukamwekea gemu ya riadha. Unagonga vitufe viwili kwa zamu haraka uwezavyo, na mtu wako anakimbia. Alicheza mita mia moja. Alicheza viunzi. Kisha akaweka pedi ya kuchezea chini akauliza, kwa upole kabisa, “Mita elfu tano iko wapi?”

Haikuwepo. Nilipokuwa mkubwa nilichunguza. Gemu ya Konami iliyoanzisha mtindo huo, Track & Field ya mwaka 1983, ilikuwa na mashindano sita: mita 100, kuruka umbali, mkuki, viunzi vya mita 110, nyundo na kuruka juu. Mbio ndefu kuliko zote zilikuwa mita 110. Sababu inaeleweka: kidole hakiwezi kugonga kwa kasi ile dakika kumi na tatu. Lakini tazama matokeo yake. Watoto wa mji huu, ambao jirani zao ndio mabingwa wa dunia wa masafa marefu, walikalia benchi wakifundishwa kwamba kukimbia ni kugonga haraka mpaka mkono uchoke.

Yeyote aliyekaa na wakimbiaji anajua kwamba mbio ndefu ni kazi ya kujizuia. Ni kujua umebakiwa na kiasi gani, kujificha upepo nyuma ya mwenzio, kumwacha mwenye papara atangulie. Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni kwa saa 1:59:40 kule Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, alizungukwa na wawekaji kasi 41 waliopokezana, na kazi yao kubwa ilikuwa kushika kasi ileile, si kwenda mbio kupita kiasi. Naiona kabisa gemu yake: kitufe kimoja tu, ukikibonyeza mapema umekwisha, ukikichelewesha wamekuacha, na wewe usikilize pumzi za walio kando yako ili ujue nani anaongopa. Tungeicheza vizuri kuliko mtu yeyote duniani.

Tangu swali la yule kijana, kila gemu ninayoanza huiuliza hivyohivyo. Aliyeitengeneza alichagua kitu kimoja cha dunia akakiweka mbele, na kingine akakiacha nje ya kioo. Ukicheza ya aina moja tu, utadhani kilichoachwa hakipo.

6. Jua mwenye banda ni nani

Hili nalisema kwa uchungu. Miaka michache iliyopita nilishikwa na gemu moja ya simu, ya bure. Unapewa roho chache, zikiisha unasubiri, au unanunua. Nilinunua. Shilingi hamsini, shilingi mia, usiku mtoto akiwa amelala. Nilipojumlisha ujumbe wa malipo kwenye simu nilikuta nimetoa karo ya muhula mmoja wa chekechea.

Anko alikuwa anauza dakika, lakini bei aliiandika ukutani kwa chaki, na ukikawia alikwambia nenda nyumbani mama yako anakutafuta. Alijua majina yetu. Shirika la Afya Duniani sasa limeutambua uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa, na mimi sihitaji kushawishiwa. Siziogopi gemu ngumu wala za vita kama ninavyoiogopa ile inayokupa bure halafu inakungoja uchoke.

7. Mama anajua zaidi ya gemu

Mama analima mahindi sehemu inayoitwa Ziwa, nje ya Eldoret. Mbegu yake ni H614, inayopandwa mvua za Machi au Aprili na kukaa shambani miezi sita au zaidi. Kuna palizi, kuna mbolea ya kukuzia, na tangu 2017 kuna viwavi jeshi vamizi. Ukishavuna, bado: mahindi yaanikwe kwenye turubai, yageuzwe, yaondolewe mvua ikinyemelea, mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 13.5, ndipo uanze kumtafuta wa kununua gunia la kilo 90. Mwaka fulani mnunuzi mmoja alipakia magunia yetu kwenye lori, akaahidi pesa Ijumaa, na Ijumaa hiyo haijafika.

Alipokuja kukaa nasi mtaani Kapsoya, hapa Eldoret, baada ya mavuno, nilimwonyesha Stardew Valley. Ni gemu ya kilimo iliyotoka 2016, kazi ya Mmarekani mmoja, Eric Barone, aliyeitengeneza peke yake kwa zaidi ya miaka minne, michoro, muziki na yote. Imeuza zaidi ya nakala milioni 40. Nimtajapo mtu huyu kwa wanafunzi wa kompyuta hapa mjini huwa nawaongezea Wakenya wawili, Wesley Kirinya aliyetengeneza The Adventures of Nyangi, na Andrew Kaggia aliyetoa Nairobi X mwaka 2015, ili wasifikiri lazima mtu azaliwe ng'ambo. Lakini siku hiyo mwanafunzi nilikuwa mimi.

Mama alivaa miwani. Nikamweleza: msimu una siku 28, mahindi yanakomaa kwa siku 14, kisha unachuma tena kila baada ya siku nne.

“Shina lilelile?”

“Lilelile, Mama.”

Alitikisa kichwa. “Na wanaanika wapi?”

“Hakuna kuanika. Unaweka kwenye sanduku hili jioni, asubuhi unakuta pesa.”

“Bei inapanda na kushuka?”

“Hapana. Ni ileile mwaka mzima.”

Alinyamaza kwa muda, akilitazama lile sanduku kando ya nyumba. Sikumsikia akicheka, ingawa nilitarajia acheke. Alisema, “Huyu kijana aliyetengeneza, hakutaka mkulima alie.” Nimesoma maoni mengi juu ya gemu ile. Hakuna aliyenieleza vizuri hivyo kile kilichoachwa nje, na kwa nini kiliachwa.

Akaomba apande mwenyewe. Tulikuwa tayari siku ya 20 ya msimu wa vuli, nikamwambia hayatafika, naye akasema ardhi ikiwa tupu ni aibu. Akapanda safu nne zilizonyooka kuliko zangu zote, akamwagilia kila asubuhi. Siku ya 28 tulilala na mahindi yakiwa yamefika magotini. Tulipoamka shamba lote lilikuwa jeupe, na mashina yamekufa.

“Mvua ya mawe,” alisema Mama, kwa sauti ileile anayoitumia kule Ziwa.

Nilimweleza kwamba ni theluji, kwamba kule baridi huja hivyo kila mwaka. Hakujali jina lake. Alipangusa miwani, akairudisha machoni, akauliza tunafikaje mwezi wa tatu. Nikamwambia hakuna njia ila kulala. Basi tukaanza: anaingia ndani, anapanda kitandani, kunakucha, anatoka mlangoni kuangalia shamba, anarudi kulala, mara ishirini na nane.