Kufundishana Kazi kwa Simu



Katika somo hili twapenda kuzungumza juu ya kufundishana kazi, khasa namna jambo hili linavyogeuka siku hizi za simu na mtandao. Twalileta kwa kuwa limetugusa sisi wenyewe, na baadhi yenu mwajua khabari yake.

Msimu uliopita ofisi yetu iliwapelekea wachumaji filamu fupi za simu: kufunga kamba, kuvuta tawi kwa upembo, kuchambua na kuanika. Kila aliyezifungua tulimwandika daftarini kuwa amefundishwa. Kijana mmoja aliyeandikwa hivyo akapanda mkarafuu hali hapana mtu mzima karibu, akaegemea tawi nene lililompendeza macho. Likakatika, naye akavunjika mkono. Baba yake alipokuja ofisini hakututukana. Aliuliza tu ni nani aliyemfundisha mwanawe. Tulifungua daftari, jina la kijana lilikuwamo, la mwalimu halikuwamo.

Nyote mwajua kuwa tawi la mkarafuu halipindi likakupa nafasi ya kujirudi, hukatika ghafla. Fundi mzoefu hulijaribu kwa mguu kabla ya kulipa uzito wake, na mwanafunzi aliye chini akiokota huuona mguu ule mara mia kabla hajaruhusiwa kupanda. Filamu yetu haikuuonyesha. Aliyeipiga alisimama chini, tena kivulini.

Je, simu tuiache? Hapana. Mwaka jana tulifika Mugango, mkoani Mara, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, kwa shughuli ya kijamaa. Huko dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na asubuhi wanawake huwaanika. Tuliwakuta wamekizunguka kisimu kimoja wakitazama namna ya kuanika juu ya chanja badala ya mchangani. Filamu ilikwisha pakiwa na kelele za kila namna. Kisha bibi mmoja akaizima simu, akatia mkono katika dagaa, akawageuza, akawanusa, akawapa wasichana nao wanuse. Akatuona tunatazama. "Mwanangu," akasema, "hii yaona, lakini haina pua."

Hata sisi tuliosoma chuoni twalijua hilo. Mtu aweza kusikiliza kisomo katika simu kutwa, lakini ni mwalimu aliyekaa mbele yake ndiye asikiaye herufi iliyotoka pasipo mahali pake.

Wakubwa wa kazi hii wamelipanga vizuri kuliko sisi. Mwaka 2016 Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), pamoja na kampuni ya simu ya Airtel Tanzania, walianzisha programu iitwayo VSOMO. Mwanafunzi husoma nadharia katika simu yake popote alipo, kisha huenda chuo cha VETA kufanya vitendo karakanani. Yaani simu imempunguzia siku za kukaa darasani, na karakana imebaki palepale.

Kwa karafuu, simu yatufaa mno katika kuanika. Picha yaweza kuonyesha rangi ya karafuu iliyokauka vyema juu ya jamvi, na ya ile iliyorundikwa mbichi ikapata joto ikafifia. Mwanachama aliye mbali aweza kutuletea picha ya jamvi lake siku ya tatu, akapata jibu kabla mvua haijamkuta. Lakini hata hapo, ukavu wenyewe hujulikana kwa kuivunja karafuu kidoleni.

Basi tumelifuta lile neno katika daftari. Sasa pana nafasi mbili: ya kwanza, ametazama, ya pili, amepanda mbele ya fundi, na fundi atie sahihi yake au alama ya kidole. Asiye na ya pili asipandishwe mkarafuu wa mwanachama yeyote, hata akiwa mpwa wa katibu.

Limebaki suala la ujira wa mafundi, maana siku ya kufundisha ni siku ya kutochuma. Wako wanaotaka ukatwe katika mfuko wa chama, na wako wasemao kila mwenye shamba amlipe wake. Sisi twaelekea upande wa mfuko, lakini uamuzi ni wa mkutano. Wenye mafundi wazee mashambani mwao watuletee majina yao kabla ya msimu. Kijana wetu mkono umeunga, naye ameomba awe wa kwanza kufundishwa.