Baiskeli ya mwanafunzi iwe nzito, kuukuu na yenye kufuli la maana

Kijana wa Isecheno anayejiunga na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega mjini, ana safari za aina mbili, na kila moja ina hesabu yake. Kuna safari ya nyumbani: kutoka ukingoni mwa msitu wa Kakamega hadi Shinyalu, kushukia Khayega, kisha barabara kuu mpaka mjini, karibu kilomita 20. Halafu kuna safari za kila siku: kutoka chumba cha kupanga hadi darasani, maktaba, sokoni na kurudi. Anayetaka chombo kimoja cha safari zote mbili huishia kununua kitu cha bei kubwa, na kitu cha bei kubwa ndicho mwizi anachokitafuta.

Safari ya nyumbani iachie matatu au Probox. Kuendesha baiskeli kilomita 40 kwenda na kurudi kila siku, katika eneo lenye mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, kutakuchosha kabla hujafungua daftari. Panga chumba karibu na chuo, kisha nenda nyumbani mwisho wa wiki au mwisho wa mwezi. Ushauri ulio hapa chini unahusu safari za kila siku.

Anza na miguu, kisha piga hesabu

Ikiwa chumba chako kiko umbali wa dakika 20 kwa mguu, tembea. Miguu haiibiwi wala haihitaji fundi. Unapotafuta chumba, linganisha kodi pamoja na nauli. Chumba cha bei nafuu kilicho mbali kinaweza kukugharimu kuliko kilicho karibu na lango.

Chukua mfano. Ukilipa bodaboda shilingi 50 kwenda na 50 kurudi, siku tano kwa wiki, hizo ni shilingi 500. Katika muhula wa wiki 14 zinafika 7,000. Weka nauli halisi ya mtaa wako katika hesabu hiyo, kisha ulinganishe jumla yake na bei ya baiskeli iliyotumika pamoja na kufuli lake. Baiskeli ikijilipa ndani ya muhula mmoja, inunue. Isipojilipa hata kwa mihula miwili, endelea kutembea, na bodaboda uiweke kwa siku za mvua na usiku.

Nunua ile ambayo kila fundi anaijua

Magharibi mwa Kenya tuna bahati. Biashara ya bodaboda ilianzia kwa baiskeli mpakani Busia, na kwa miaka mingi baiskeli nyeusi ya chuma, Black Mamba, ndiyo iliyobeba abiria, maziwa na magunia ya mahindi. Serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwenye pikipiki ndogo mwaka 2008, waendeshaji wengi walihamia pikipiki. Baiskeli zao zilibaki, na mafundi walibaki pia. Ndiyo maana karibu kila soko lina mtu wa kuziba pancha, kunyoosha rimu na kubadilisha spoki.

Chagua baiskeli ya aina hiyo. Ni nzito, haina gia, na ukiitazama haivutii. Mwizi anataka kitu chepesi cha kubeba, chenye vipuri vya kuuza haraka kwa bei nzuri. Baiskeli ya milimani yenye gia na rangi inayong'aa inampa yote hayo. Tena magurudumu yake mara nyingi hufunguliwa kwa mkono bila spana, na ukichelewa darasani unaweza kukuta fremu peke yake.

Kabla ya kulipa, kagua mambo manne: fremu isiwe imevunjika na kuungwa, rimu zisiyumbe zinapozungushwa, pedali zisitikisike, na breki zikamate. Rangi iliyochubuka isikusumbue. Ukiikuta safi sana, ichafue kidogo: zungushia fremu vipande vya tyubu kuukuu na ubandue nembo.

Nunua kwa maandishi

Geuza baiskeli magurudumu yawe juu, utazame chini ya fremu penye mhimili wa pedali. Mara nyingi pana namba iliyogongwa. Iandike, ipige picha, kisha muandikiane hati ya mauziano yenye namba hiyo, nambari za vitambulisho vyenu na sahihi ya shahidi, ikiwezekana mzee wa mtaa. Kama namba imekwanguliwa, au muuzaji anakataa kuandika, ondoka.

Hili si jambo la kupuuza. Kwa sheria ya jinai ya Kenya, adhabu ya kawaida ya wizi ni kifungo cha hadi miaka mitatu, lakini anayepokea mali akijua kuwa ni ya wizi anaweza kufungwa hadi miaka 14. Bei ya kutupa inaweza kukufikisha mahakamani. Isitoshe, wizi wa baiskeli unaendelea kwa sababu kuna wanaonunua bila kuuliza.

Baada ya kununua, weka alama yako. Mwombe fundi agonge nambari ya siri mahali pawili kwenye fremu, na uweke karatasi yenye jina lako ndani ya bomba la kiti. Ikiibiwa, utaweza kuthibitisha kwamba ni yako, na polisi watakuwa na kitu cha kuandika kwenye kitabu chao cha matukio, OB.

Funga gurudumu la nyuma pamoja na fremu

Waya mwembamba wenye kufuli la namba hukatwa kwa koleo. Bora kufuli la chuma lenye umbo la U. Ukilikosa, nenda duka la vifaa vya ujenzi, upimiwe mnyororo mnene wenye urefu wa kutosha, uuvishe tyubu kuukuu usikwaruze fremu, na uununulie kufuli imara.

Namna ya kufunga ina uzito sawa na kufuli lenyewe. Sheldon Brown, fundi wa Marekani aliyefariki mwaka 2008, alifundisha njia nzuri: pitisha kufuli kwenye gurudumu la nyuma, katika sehemu iliyo ndani ya pembetatu ya nyuma ya fremu, kisha ulifungie kwenye chuma kilichojengewa ardhini. Rimu haiwezi kuchomoka katika pembetatu hiyo, kwa hiyo kufuli moja linalinda gurudumu la nyuma na fremu kwa pamoja.

Kufuli lisiguse ardhi, kwa sababu mwizi hulilaza chini na kulipiga nyundo. Usifunge kwenye mti mchanga. Hukatwa kwa dakika moja, na mnyororo huumiza gome. Sisi tuliolelewa kando ya msitu wa Kakamega tunajua mti ulioumizwa gome unavyodhoofika. Funga mahali mlinzi au mwenye kibanda anapoona, na umsalimie kila siku ili akujue wewe na baiskeli yako. Pampu na taa ondoka navyo.

Usiku baiskeli ilale ndani. Muulize mwenye nyumba kabla ya kulipa amana: je, naruhusiwa kuiingiza chumbani? Akikataa, hesabu hilo kama kasoro ya chumba.

Mvua na giza

Rimu za chuma zikilowa, breki hukamata kwa kuchelewa. Mvua za Kakamega hupenda kunyesha alasiri, saa za kutoka darasani, kwa hiyo anza kufunga breki mapema na ushuke mteremko polepole. Futa cheni na uipake mafuta kila wiki, ama kutu itaila. Barabara ya Webuye ina malori; weka kiakisi nyuma, na ikifika saa kumi na mbili na nusu jioni uwe umewasha taa.

Siku ya mvua kubwa au usiku wa manane, iache baiskeli nyumbani. Chukua bodaboda ya stendi unayoijua, vaa helmeti, na ukatae kubebwa wawili, kwani sheria inaruhusu abiria mmoja tu.

Pesa za mkopo wa HELB zikiingia, nunua kufuli kwanza, kisha baiskeli. Na mwambie mwenzako anayenyooshewa baiskeli ya bei ya ajabu gizani: bila hati, usinunue.