SOMO LA KOMPYUTA: KUSOMA MWONGOZO NDANI YA PROGRAMU YA KUANDIKIA



Tuanze na mfano. Mwanafunzi ana mafaili matatu kwenye kompyuta ya Linux: insha.txt, hesabu.txt na historia.txt. Anataka kuyafunga pamoja ayachukue kwenye flashi. Rafiki yake amemwambia kuwa amri ya kufunga mafaili ni tar -cf. Basi akaandika:

tar -cf insha.txt hesabu.txt historia.txt

Kompyuta haikulalamika hata kidogo. Lakini alipofungua insha yake akakuta imepotea. Kwa nini? Kwa sababu ile herufi f maana yake ni "jina la furushi linafuata hapa". Kompyuta ikadhani insha.txt ndilo jina la furushi jipya, ikaandika juu ya insha ya watu. Alipaswa kuandika kwanza jina la furushi, kwa mfano tar -cf kazi.tar, ndipo yafuate mafaili yake matatu.

Jambo la kusikitisha ni kwamba maelezo hayo yalikuwemo ndani ya kompyuta ile ile. Hayahitaji intaneti wala vocha. Ni kuyafungua na kuyasoma tu. Kuuliza si vibaya, ila anayeuliza bila kusoma huchukua nusu ya jibu.

KURASA ZA MWONGOZO NI NINI?

Mfumo wa Unix ulitengenezwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell Labs, Marekani. Mwongozo wake wa kwanza una tarehe ya 3 Novemba 1971. Tangu hapo ikawa ni desturi kila amri iwe na ukurasa wake, na desturi hiyo ikarithiwa na Linux. Ukitaka ukurasa wa tar, unaandika man tar.

Kurasa hizi zimegawanywa kwa namba. Sehemu ya 1 ni amri za mtumiaji, ya 2 ni miito ya mfumo, ya 3 ni maktaba za waandishi wa programu, ya 5 ni mpangilio wa mafaili, na ya 8 ni kazi za msimamizi. Kwa hiyo printf(1) na printf(3) ni kurasa mbili tofauti. Usizichanganye.

KWA NINI ZINAHITAJI KUPANGWA?

Ukurasa wa mwongozo hauhifadhiwi kama unavyouona. Umeandikwa kwa alama: mstari unaoanza na .SH ni kichwa cha habari, na unaoanza na .B ni maneno mazito. Programu kama groff, iliyoandikwa na James Clark mwaka 1990, ndiyo inayozisoma alama hizo na kuupanga ukurasa.

Wazazi waliotumia taipureta watalielewa hili upesi. Ili neno lionekane zito, mpiga chapa alirudi nyuma nafasi moja akapiga herufi ile ile mara ya pili. Ili alipigie mstari, alirudi nyuma akapiga kistari. Kurasa za mwongozo zilifuata njia hiyo hiyo: herufi, alama ya kurudi nyuma, kisha herufi tena. Ndiyo maana katika baadhi ya mifumo, ukihifadhi ukurasa kwenye faili kisha ukalifungua, neno NAME huonekana hivi: N^HNA^HAM^HME^HE. Kompyuta si mbovu. Hizo ni alama za kurudi nyuma tu. Dawa yake ni kuzichuja:

man tar | col -b > tar.txt

NJIA YA VIM

Vim ni programu ya kuandikia matini iliyotolewa na Bram Moolenaar mwaka 1991. Fuata hatua hizi:

1. Fungua Vim, kisha andika :runtime ftplugin/man.vim na ubonyeze Enter. Ukiuweka mstari huu (bila nukta mbili za mwanzo) ndani ya faili la .vimrc hutahitaji kuurudia kila siku.
2. Andika :Man tar. Dirisha jipya litafunguka likiwa na ukurasa uliokwisha pangwa, bila zile alama.
3. Kutafuta neno, bonyeza / ukaandika neno lenyewe, kwa mfano /ARCHIVE, kisha Enter. Kitufe cha n kinakupeleka penye neno hilo mara inayofuata.
4. Ukikuta rejea kama gzip(1), weka kishale juu yake ubonyeze Ctrl na ]. Utapelekwa kwenye ukurasa huo. Kurudi ulikotoka, bonyeza Ctrl na T.
5. Ukitaka sehemu maalumu, taja namba yake: :Man 3 printf.
6. Kunakili mstari bonyeza yy, hamia dirisha lako kwa Ctrl na w mara mbili, kisha bonyeza p.

Hatua ya 6 ndiyo faida kubwa. Mwongozo uko juu, daftari lako liko chini, nawe unaandika huku unasoma.

NJIA YA EMACS

Bonyeza Alt na x kwa pamoja, andika man, Enter, kisha tar, Enter. Ndani ya ukurasa, n inakupeleka kichwa kinachofuata, p kilichotangulia, na q inaufunga. Kama kompyuta haina programu ya man, andika woman badala ya man. Hiyo iliandikwa na Francis J. Wright, nayo inaupanga ukurasa yenyewe ndani ya Emacs, mradi faili la ukurasa huo liwepo.

MAZOEZI

1. Fungua ukurasa wa cp. Tafuta herufi inayoifanya kompyuta ikuulize kabla ya kuandika juu ya faili lililopo.
2. Fungua printf ya sehemu ya 1 na ya 3. Eleza tofauti zake kwa sentensi mbili.
3. Eleza kwa maneno yako kwa nini insha ya yule mwanafunzi ilipotea.

Ukiweza kulijibu swali la 3 bila kutazama juu, umelielewa somo. Na kabla hujatumia amri yoyote mpya kwenye kazi yako, soma kwanza ukurasa wake.