Jina la Paramediki Lina Mwenyewe

Swali: Mdogo wangu ana stashahada ya huduma za dharura na amefanya kazi kwenye ambulensi miaka kadhaa. Anataka kwenda Australia. Anaambiwa lazima asajiliwe kwanza. Kwa nini?

Jibu: Ameambiwa kweli. Zamani kila jimbo la Australia lilikuwa na utaratibu wake, na penginepo jina "paramediki" halikulindwa kabisa. Anayefukuzwa jimbo moja angeweza kuomba kazi jimbo jirani. Mwaka 2017 Bunge la Queensland lilirekebisha sheria ya taifa ya wataalamu wa afya, majimbo mengine yakaifuata, ila Western Australia ilitunga ya kwake inayofanana nayo. Usajili ukaanza Desemba 1, 2018, chini ya Bodi ya Paramediki.

Angalia sheria inabana wapi: jina. Asiyesajiliwa akijiita paramediki anatenda kosa, hata kama ana ujuzi. Rejesta iko wazi, mtu yeyote anaweza kulitafuta jina humo na kuona masharti aliyowekewa mhusika. Huo, kwangu, ndio ushindi mkubwa wa mgonjwa.

Kulikuwa na mlango wa wazoefu wasio na shahada inayotambuliwa, lakini ulifungwa mwishoni mwa Novemba 2021. Kwa hiyo mdogo wako atapimwa kwa elimu yake, Kiingereza na rekodi ya jinai.

Apeleke vyeti kwa Bodi kabla hajamlipa wakala yeyote.