Ukifika Algiers, Anzia Juu

Wageni wengi wanaoitembelea Kasba, mji mkongwe wa Algiers, huanzia chini, karibu na bandari, wakapanda ngazi huku wakihema. Wewe fanya kinyume. Chukua teksi asubuhi mapema ikupeleke hadi ngomeni, kisha ushuke kwa miguu mpaka baharini.

Ngomeni ndiko alikokaa dey, mtawala wa enzi ya Waosmani. Hapo mwaka 1827, katika mzozo wa deni la ngano, Dey Hussein alimpiga konseli wa Ufaransa kwa usinga. Wafaransa walilishika tukio hilo kama kisingizio, wakavamia mwaka 1830 na kukaa miaka 132.

Ukianza kushuka, vaa viatu visivyoteleza, maana ngazi nyingi zimelika. Tafuta mwenyeji wa kukutembeza. Bila yeye utaona kuta tupu tu, kwa kuwa nyumba za Kasba zimeipa njia mgongo: uzuri wote uko ndani, kwenye ua wenye nguzo na vigae vya rangi. Ghorofa za juu zimejitokeza nje, zikiegemea magogo, hadi vichochoro vingine havioni jua. Gari halipiti humo. Taka hubebwa na punda, jambo ambalo halitamshangaza mtu wa Lamu. Mwombe mwenyeji wako akuonyeshe mahali pa nyumba waliyojificha mpigania uhuru Ali la Pointe na wenzake, iliyolipuliwa na askari wa Ufaransa Oktoba 1957. Simama hapo kwa muda. Kwangu mimi, hapana mahali pazito zaidi mjini humo.

Chini utaukuta msikiti wa Ketchaoua. Wafaransa waliugeuza kanisa kuu. Baada ya uhuru wa 1962 ukarudi kuwa msikiti. Hatua chache mbele, ingia kituo cha metro cha Uwanja wa Mashahidi, ambako wajenzi walikuta mabaki ya mji wa Kirumi, Icosium.

Epuka Ijumaa, kwani sehemu nyingi hufungwa. Beba dinari taslimu, usiwapige picha polisi wala askari, na watu wa mtaani waombe ruhusa kwanza.

Kasba iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1992, lakini nyumba zake bado zinaanguka. Mlipe vizuri anayekutembeza, na ununue kwa mafundi wa shaba walio humo humo.