Presha ya Mapafu: Kilo za Mafuta na Kilo za Maji

Mimi ni mtu wa mabomba na pampu, si daktari. Lakini toleo hili naomba tuzungumzie mwili, kwa sababu ya mama yangu mdogo aliyeko Tanga.

Mama mdogo ana presha ya mapafu. Siyo ile presha ya kawaida. Hii iko kwenye mishipa inayopeleka damu kutoka upande wa kulia wa moyo hadi kwenye mapafu, na kile kipimo cha kufunga mkononi hakiioni. Kwa mtu mzima wa afya, wastani wake akiwa amepumzika ni kama milimita 14 za zebaki; ukizidi 20, ndiyo ugonjwa wenyewe. Wenzangu wa uhandisi mtanielewa: upana wa bomba ukipungua kwa nusu, ukinzani haupandi mara mbili, unapanda mara 16! Upande wa kulia wa moyo ni pampu ndogo, haukuumbwa kwa kazi hiyo. Ukichoka, damu inarundikana nyuma yake, figo zinashikilia chumvi na maji, na miguu inavimba.

Mwaka jana kwenye harusi watu walimsifu: "Shoga, umenawiri!" Nami nilipoona picha nikampigia kumpongeza. Siku nne baadaye akalazwa, pumzi hana. Kumbe zile kilo sita zilikuwa maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, hesabu ya shule ya msingi, na mimi msomi sikuikumbuka.

Basi tujifunze mambo manne.

Kwanza, mzani. Mgonjwa ajipime kila asubuhi, akishatoka msalani na kabla ya kula, na aandike. Mafuta hayaji kwa siku moja. Uzito ukipanda kilo moja kwa siku, au mbili kwa wiki, amwone daktari upesi, na chumvi apunguze.

Pili, unene. Mwili mkubwa unadai damu nyingi zaidi. Tena mtu mnene sana huweza kukosa pumzi usingizini. Oksijeni ikishuka, mishipa ya mapafu inajibana, na presha inazidi kupanda.

Tatu, wembamba nao si ushindi. Tafiti kadhaa zimeona wagonjwa waliokonda sana wana hali mbaya kuliko wenye mwili kiasi. Kukonda bila kukusudia huenda ni misuli inayokwisha. Kwa hiyo asijinyime chakula. Apunguze pole pole, kwa ushauri wa daktari.

Nne, na hili linatuhusu sisi wenyewe: vidonge vya kupunguza mwili. Aminorex, iliyouzwa Ulaya miaka ya 1960, ilileta ugonjwa huu huu. Fenfluramine nayo iliondolewa sokoni Marekani mwaka 1997 kwa kuharibu vali za moyo, na yenyewe imehusishwa na presha ya mapafu. Jamani, usimeze kitu kwa sababu rafiki yako kimempunguza kiuno.

Siku hizi mama mdogo hunitumia ujumbe kila alfajiri: "Leo 68, mwanangu." Mimi naweka nukta kwenye grafu. Mwezi wa tatu mstari ulianza kupanda. Alienda kliniki siku ile ile, akaongezewa dawa ya kutoa maji, akalala kwake.

Kwa hiyo ukipiga simu nyumbani, usiishie kwenye "umenawiri". Uliza pia mzani unasemaje. Tukutane toleo lijalo, inshallah.